Kibao cha Ishirini na Mbili

Alifariki Jumatatu alfajiri, nyumbani kwake Buyenzi, akiwa bado juu ya mkeka wa kuswalia. Wengi wenu mlimjua kwa sura: yule mzee wa vipuri mwenye kofia iliyolala upande, aliyekuwa akimkaripia mteja kwa kuchelewa kubadilisha breki, kisha akamwagizia chai. Mimi nilimjua zaidi barabarani. Kwa miaka mingi nilipanda gari lake kwenda Gitega, yeye akipeleka vipuri, mimi nikifuata habari. Leo namwandika nikiwa na aibu ambayo sijui niifiche wapi.

Bwana huyu alikuwa na ugomvi na kibao kimoja. Mkirudi mjini mtakikuta juu milimani, kando ya soko la viazi, kimeandikwa Bujumbura kilomita ishirini na mbili. Ukikipita ukateremka kona kadhaa, unakuta kijiwe cha zamani cha kilomita kinakwambia thelathini. Yaani umeendesha gari, na mji umekukimbia! Siku tuliyogundua hivyo aligeuza gari, akarudi, akashuka, akakisimamia kile kibao mikono kiunoni: "We! Mutu mukubwa namna hii, haya huna?" Wauza viazi wakaangua kicheko. Mama mmoja akatueleza kwamba mvua iliporomosha kilima, kibao kikaanguka huko chini karibu na mji, na vijana wakakibeba hadi sokoni kwao wakakisimika upya. "Mutu akisoma muji uko karibu, roho yake inatulia, anasimama kununua," alisema bila kupepesa. "Akisoma uko mbali, anakanyaga tu." Mzee alicheka hadi machozi, akanunua gunia zima. Tangu siku hiyo, kila tulipopita alipiga honi: "Salamu, muongo wetu!"

Ila yeye mwenyewe hakuujua uongo huo. Mkewe alikuwa akipiga simu tukiwa palepale sokoni, naye akimjibu: "Bado niko mbali, mama. Kuleni, musiningojee." Nilimcheka. Nikamwambia mke haambiwi hivyo, aambiwe "niko hapa Kamenge", pale mji unapoanzia, moyo wake upoe. "Apana," akanijibu. "Ukimwambia Kamenge, anapakua chakula. Watoto wanakaa na njaa wanaangalia mulango."

Ndugu zangu, nani kati yetu hajasema "niko hapa hapa" huku bado anatafuta soksi? Fundi anakwambia gari linatoka leo, na injini iko chini sakafuni. Karani anakwambia pita kesho, na anajua kesho hayupo. Hatusemi kwa ubaya. Hatupendi kumvunja mtu moyo, basi tunaking'oa kibao na kukisogeza karibu naye. Zamani aliyechelewa alichelewa kimya kimya. Leo ana simu, anachelewa huku akikuahidi.

Jumatatu hiyo mimi nilikuwa Gitega. Mwanawe mkubwa alinipigia mapema: mazishi baada ya Alasiri, na baba alikuwa ameomba niwe mmoja wa watakaomshusha kaburini. Muda wa kufika nilikuwa nao. Nikaupoteza kwenye chai na soga na mheshimiwa mmoja ambaye hata sikumbuki aliniambia nini. Nilipofika milimani, lori lilikuwa limekwama barabarani na magari yamesimama hadi sokoni. Simu ikalia.

"Baba mudogo, uko wapi? Shehe anasema maiti hangojeshwi."

Kibao kilikuwa mbele ya kioo cha gari langu. Nikakisoma.

"Niko karibu, mwanangu. Kilomita ishirini na mbili tu."

Nilijua. Wallahi nilijua! Nilikuwa nimekicheka kibao kile kwa miaka, na siku hiyo nikakitumia kumdanganya mtoto wa marehemu.

Wakamsihi shehe avumilie. Wazee wenye magoti mabovu wakasimama juani, jeneza limewekwa chini, kila mtu anaangalia barabara. Mwishowe shehe akakataa, na alikuwa na haki. Mimi nilifika watu wakikung'uta udongo mikononi, kaburi limekwisha kumwagiwa maji. Kijana hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Tulikungojea, baba mudogo," alisema. "Na yeye tulimungojesha." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilitosha kumweka maiti juani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Juzi ilikuwa hitima yake. Kijana akapiga tena, sauti yake ya tahadhari, akiuliza niko wapi. Ulimi wangu ulishaanza kusema Kamenge. Nikaumeza.

"Bado niko nyumbani Carama, mwanangu, navaa viatu. Anzeni kusoma, musiningojee."

Akasema polepole, "Sasa unasema kama baba." Nikaketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikalia kama mtoto.

Nilipofika walikuwa wamemaliza dua na wamekula, na sahani yangu imefunikwa pembeni. Hakuna aliyekuwa ameshinda akiangalia mlango. Anayekungojea mwambie ulipo, hata kama ni mbali. Akijua, atakula chakula chake, na atamzika maiti wake kwa wakati.