Ndago Nilizozikata Vichwa

Sisi tuliokulia mtaa wa Cimpunda wakati nchi ikiitwa Zaïre, mikono yetu ilinuka vitunguu hata siku ya misa. Asubuhi ilikuwa chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, halafu tunateremka shambani, matope mpaka magotini. Watoto wangu leo wakigusa udongo kidogo wanatafuta sabuni. Nadhani wanaamini kitunguu kinazaliwa sokoni Kadutu.

Jumamosi watu wazima walienda Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara na mitaro. Palizi ilibaki kwangu na yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Maman, mama yetu, alitugawia: mistari ya juu kwa yaya, ya chini kwangu. Jembe alilikataza.

"Kitunguu haina mizizi ya mbali," alikuwa akisema. "Ukileta jembe hapo, unaiua. Ingiza vidole, toa ndago na mbegu yake ya chini."

Ndago ni jani baya. Lina vijinjugu chini ya udongo, na usipovitoa linarudi. Yaya alichimba polepole akiimba nyimbo za kwaya. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuruka elastiki na wenzangu, basi nikawa nakata majani tu, juu juu, kisha nasawazisha udongo kwa kiganja. Maman aliporudi aliona mistari yangu inang'aa, akanisifu mbele ya yaya ambaye hakuwa amefika hata nusu.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Tuliporudi, ndago ilikuwa imefunika mistari yote ya chini. Maman akasimama na fimbo mkononi.

"Hii ni kazi ya nani?"

Nikasema ni ya yaya, kwamba siku ile tulibadilishana mistari, ile safi ya juu ndiyo yangu, ila niliona haya kukataa sifa. Yaya aliniangalia, akanyoosha viganja, akachapwa yeye.

Vitunguu vya mistari ya chini vilitoka vidogo kama magololi. Mavuno yale ndiyo yangeturudisha sote wawili masomoni mwezi wa tisa, lakini yalitosha karo ya mtoto mmoja tu. Maman akasema ataenda yule anayejua kazi. Yaya akabaki nyumbani, na masomoni hakurudi tena.

Leo nafanya kazi ya ofisi, naishi Muhumba, mtaa wa wenye uwezo, na shamba letu limejaa nyumba. Maman alikufa bila kujua. Siku zile zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Tulikuwa na njaa kidogo na kicheko kingi, kuliko hawa watoto wetu wanaokula wakiangalia simu. Lakini kila nikizisifu mbele ya watu naona aibu.

Mwezi uliopita nilijikaza, nikaenda Kadutu mahali yaya anapouza, nikamwambia ukweli. Hakuacha kupanga vitunguu vyake.

"Najua, mudogo wangu," akasema. "Ulikuwa unaogopa fimbo. Mimi nilizani iko fimbo tu, hapana na masomo."