Ziwa Ndani ya Ngoro

Nilimwahidi bibi yangu kwamba kabla ya kumkataza mtoto kucheza, nitapiga magoti kwanza nione anacheza nini. Ahadi hiyo ilinirudia juzi, katika shule ninakowasaidia watoto wenye majonzi, nilipomwona binti mdogo akimfunika mwanasesere wake kwa majani, akimfunua, akimfunika tena. Nikapiga magoti, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha Litembo, kijijini kwa bibi mlimani.

Nilipelekwa huko utotoni kutoka kwetu Lipingo, ufukweni mwa ziwa, mama alipolazwa hospitalini. Watu wazima walinong'ona. Mimi hawakuniambia neno. Nami nikaacha kusema. Nilikula ugali wa bibi kwa majani ya maboga, nikatikisa kichwa, basi. Asubuhi ukungu ulitiririka kwenye mibuni, lakini mimi nilitamani shombo ya mbasa, samaki wa ziwa letu, walioanikwa juani.

Bibi alilima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mteremkoni kama sega la nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Maharage yalikuwa yameota juu ya kingo zake. Mimi, mtoto wa ufukweni, sikuona shamba. Niliona maziwa madogo yasiyo na maji. Nikateka maji kijitoni kwa kopo, nikajaza shimo moja, nikashusha mtumbwi wa ganda la mgomba, na ndani nikamlaza mgonjwa wa gunzi. Kila safari mtumbwi ulizama. Nilihakikisha unazama.

Siku moja ukingo ukabomoka, maharage yakaenda na maji.

"Bibi, mjukuu anabomoa ngoro, nawe unamtazama tu!" jirani akapaza sauti.

"Ngoro nitachimba nyingine," bibi akajibu. "Mtoto nitamchimba wapi?"

Akapiga magoti topeni na kitenge chake kizuri. "Hodi, nahodha! Nipeleke Lipingo. Nina kuku wangu."

Nikamkazia macho. "Kuku hapandi," nikasema. "Atamchafua mama."

Jirani akaangua kicheko hadi jembe likamponyoka. Bibi akanisogelea. "Kumbe mama yumo? Basi kuku atembee. Mama anaendeleaje?"

"Anazama."

"Tumshike wote, baba."

Tukamshika. Nikalia, kisha nikacheka, maana bibi aliteleza akaketi ziwani. Jioni ile alinieleza ugonjwa wa mama bila kuficha, na Jumapili, baada ya misa, akanipeleka kumwona. Hadi mama aliporuhusiwa, watoto wa mlima mzima walikuwa abiria wangu.

Chuoni nilifunzwa kwamba alichofanya bibi huitwa tiba kwa michezo: mtoto huikabidhi michezo hofu asiyoweza kuitamka, na mtu mzima anayekubali kucheza naye humsaidia kuibeba.

Bibi hayupo sasa. Ngoro ile imesawazishwa, mibuni imepandwa juu yake, na hakuna anayejua palikuwa na bandari. Lakini yule binti wa juzi, aliponiona chini pamoja naye, alinipa jani moja nimsaidie kufunika.

Ndugu msomaji, ninakuomba: leo ukimkuta mtoto ameinamia mchezo wake, usimwite. Piga magoti, umuulize kama nawe una nafasi.