Kitabu cha Bure Kilivyofika Mgori

Shangazi yangu alikuwa mfinyanzi huko Mgori. Nilipokuwa nakusanya habari za ndoa za wanawake kwa ajili ya kitabu cha chuo ninakofundisha, yeye ndiye aliyenifungulia moyo kuliko wote. Aliniambia kwamba mtoto wake wa kwanza hakuwa wa marehemu mumewe.

"Hicho kitabu watakisoma akina nani?" aliuliza.

"Wasomi wa mbali tu, shangazi."

Akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali habari zake ziandikwe.

Jina lake sikuliandika. Niliandika mfinyanzi wa Mgori, mjane, aliyekatwa kidole na mashine ya kusaga. Mhariri wa idara ya uchapishaji ya chuo alinipigia simu.

"Vitabu vyetu sasa tunaviweka mtandaoni, anasoma yeyote, bure. Huyu mama hatatambulika? Tukiondoe hicho kidole."

Nilimjibu kwamba kijijini hakuna anayesoma vitabu vya chuo, na kwamba bila kidole sura ile haina uhai. Niliipenda mno sura ile.

Kitabu kikawekwa mtandaoni, kidole kikiwemo. Mwezi haukuisha. Mwalimu mmoja alikipakua kitabu kwenye simu, akawasomea watu mnadani. Walicheka sana. Walipofika kwenye kidole wakageuka kutazama, maana binamu yangu, mtoto yule wa kwanza, alikuwa amesimama hapo hapo akiuza vyungu vya mama yake.

Wadogo zake walimfukuza kwenye shamba kabla ya mvua. "Nenda ukalime kwa baba yako," walimwambia. Akaenda Kintinku kuchunga ng'ombe wa watu. Hakumuaga mama yake.

Nilikwenda Mgori.

"Shikamoo, shangazi."

Aliendelea kukanda udongo. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Ndipo akasema kwa Kinyaturu, bila kuniangalia: "Mume wangu alijua. Alimlea mtoto yule mpaka anakufa, hakumwambia mtu. Wewe hata mwaka umekushinda."

Niliporudi chuoni nikamwomba mhariri akiondoe kitabu.

"Kwetu tutakiondoa," alisema. "Kilichokwisha kuingia kwenye simu za watu hatukiwezi. Niandikie barua. Lakini kamati ya kupandisha vyeo si inakaa wiki hii, na kitabu hiki ndicho ulichowapelekea?"

Nikamwambia asubiri kidogo.

Nilipandishwa cheo. Wenzangu walinipongeza kwamba kitabu changu kinasomwa mpaka vijijini. Barua ile mpaka leo sijaiandika.