Vazi la kibwengo lilikatwa kwa kipimo chake

Saa moja asubuhi, mlango wa chumba cha mbele uko wazi na cherehani tayari inalia. Anayeiendesha haonekani kutoka barabarani. Mteja mgeni huingiza kichwa, huangalia juu ya meza, haoni mtu, kisha hushusha macho.

"Karibu, niko huku chini," anasema fundi bila kusimamisha mashine.

Mtaani wanamwita Sindano. Jina hilo alijipa mwenyewe alipoanza kazi, anasema, kabla watu hawajampa wanalolitaka wao. Ana miaka thelathini na minane na urefu wa mtoto wa darasa la pili. Kwenye kikanyagio cha cherehani amefunga kipande cha mbao kwa mpira wa baiskeli ili mguu ufike. Meza ya kukatia imepunguzwa miguu. Kitambaa kikiwa kirefu hupanda kreti la soda, na akiwa juu ya kreti hapendi kusemeshwa.

Anashona sare na mapazia, lakini kazi inayompa heshima ni mavazi ya maigizo. Vikundi vya shule na vya mitaani humletea malaika, askari, wafalme na simba. Mavazi ya watoto huyajaribu mwilini mwake, na njia hiyo ilimtia hasara mwanzoni kwa sababu yalikuwa yakirudishwa yakiwa na mikono mifupi.

"Kwangu mikono ilikuwa inafika vizuri kabisa. Nikawa nasema watoto wa siku hizi wamezaliwa na mikono mirefu," anasema, na anacheka mpaka anapangusa macho. Siku hizi huongeza vidole vinne.

Mwandishi wa makala haya alikwenda pale kuandika juu ya mikono hiyo na kicheko hicho. Habari aliyopewa baadaye, kikombe cha chai kikipoa mkononi, hakuwa amejiandaa nayo, na anaiandika akiwa bado hajaizoea.

Ilianza kwa swali la kawaida. Ukutani, kwenye msumari, lilikuwa limetundikwa joho la kahawia lenye kofia na nundu mgongoni, limeshonwa kwa ustadi ambao hata asiyejua kushona angeuona. Mwandishi aliuliza kama linauzwa. Sindano alisimamisha cherehani.

"Hilo si la kuuza. Hilo ni la kwangu," alisema.

Miezi michache iliyopita alitembelewa na kiongozi wa kikundi cha maigizo, mtu waliyefanya kazi pamoja kwa miaka. Sindano humwita mwalimu, naye kiongozi humwita dada. Alikuja na igizo jipya la watoto kutokana na hadithi aliyosimuliwa na bibi yake. Kuna kibwengo mfupi anayeishi kisimani na kuiba sauti za watoto wasiosikia la mkubwa. Mwishoni watoto wanamvuta nje na kumpiga hadi sauti zote zitoke, ingawa sehemu hiyo ya mwisho kiongozi hakuitaja.

Fundi aliuliza vazi la kibwengo likatwe kwa kipimo gani. Jibu la kiongozi analikumbuka neno kwa neno.

"Shona kwa kipimo chako, dada. Likikukaa wewe, limekaa."

Katika kazi hii, vazi hukatwa kwa kipimo cha atakayelivaa. Mwenye kuvaa akibadilika hata siku ya mwisho, vazi hufumuliwa. Kwa hiyo Sindano alielewa alichoambiwa kama fundi yeyote angeelewa, kwamba yeye ndiye kibwengo. Shuleni alitamani sana kuigiza, na kila mwaka walimpa kazi ya kuvuta pazia.

"Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza atabadilisha mawazo," anasema.

Ubaya wa kibwengo haukumsumbua, kwa kuwa alijipa moyo kwamba angemwigiza mpaka watoto wampende. Alipopiga simu kuulizia mazoezi, kiongozi alimwambia kibwengo hasemi neno, yeye alete vazi siku yenyewe na mengine amwachie. Akashona na kufumua na kushona tena. Bitana aliweka ya kitambaa laini, kwa sababu alijua ngozi itakayoigusa.

Na kama mtu yeyote mwenye furaha, alishindwa kuificha. Alimwambia mumewe, anayechomelea mageti na ambaye wiki ya onyesho angekuwa safarini kikazi. Alimwambia dada yake mkubwa, muuza viatu. Alimwambia mwanawe wa miaka saba, ambaye mtaani huitwa Balozi kwa jinsi anavyopeleka habari za nyumbani nje. Kufikia jioni ya pili, darasa zima lilikuwa linajua kwamba mama yake Balozi ataonekana jukwaani.

Siku ya onyesho alifika ukumbini mapema, vazi likiwa limekunjwa ndani ya shuka. Kiongozi alilipokea, akalisifu, akapita nalo nyuma ya pazia. Sindano alikaa kwenye benchi akisubiri kuitwa akavae. Alipoona muda unayoyoma alikwenda mwenyewe.

Nyuma ya pazia vijana wawili walikuwa wanalivalisha gunia joho lake. Lilikuwa gunia lililojazwa matambara na kushonwa likawa mwanasesere, na usoni lilikuwa na barakoa ya pua kubwa. Urefu wake ulikuwa wa Sindano. Mikono ilikuwa mifupi kama yake. Miguu walikuwa wameipinda kwa waya kwenye magoti, pale pale inapopinda ya kwake.

"Hapo ndipo nilipoelewa. Yaani mtu alikuwa amenitazama vizuri sana, siku nyingi, na mimi sikujua natazamwa," anasema.

Alimwuliza kiongozi kama siyo yeye atakayeigiza. Yule bwana alishangaa kwa dhati, anasema, hata akamwekea mkono begani.

"Uigize wewe? Dada yangu, huyu anapigwa."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomfunga mdomo. Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Mwanawe alikuwa amekaa katikati ya rafiki zake pamoja na mama yake mkubwa, na hapakuwa na namna ya kuwafikia bila kupita mbele ya watu wote. Kazi ya fundi siku ya onyesho ni kusimama kando na sindano yenye uzi, nguo ikichanika aishike. Akasimama kando, akiwa na sindano yenye uzi, nyuma ya pazia.

Yaliyotokea upande wa pili alielezwa na dada yake baadaye, na dada huyo ameyarudia mbele ya mwandishi akiwa amekalia mfuko wa viatu.

Onyesho lilikwenda vizuri. Kisima kilikuwa pipa lililopakwa rangi ya mawe. Mwisho ulipokaribia, watoto wa ukumbini waligawiwa magazeti yaliyoviringwa na kuitwa jukwaani, na kibwengo akavutwa kutoka pipani kwa kamba. Balozi alisimama juu ya kiti. Joho alilijua, kwa kuwa alikaa chini ya meza siku nyingi akiokota vipande vyake, na nyuzi za kushikizia alizitoa yeye kwa meno.

"Yule ni mama yangu," aliwaambia wenzake, akiwa anachekelea. Wenzake wakakimbilia jukwaani na magazeti.

Mwanzoni aliona ni mchezo. Mwigizaji mmoja alikuwa anaita piga, piga, na ukumbi mzima unapiga makofi kwa mdundo. Kisha kichwa cha kibwengo kililegea upande mmoja, na hakikunyanyuka tena. Mama mkubwa anasema alimwona mtoto akibadilika sura, akanyoosha mkono kumshika, akashika hewa. Balozi aliruka viti, akapita katikati ya watoto, akalala juu ya lile gunia na kulifunika kwa mwili wake.

"Mwacheni mama yangu," alilia. "Mwacheni, hapumui."

Watu walicheka. Walicheka na kushangilia, kwa sababu walidhani amefundishwa. Watoto hawakuacha. Magazeti yakawa yanamshukia mgongoni, na ukumbi ule ulijaa watu wazima, wazazi wa watoto, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kitini.

Sindano alitoka nyuma ya pazia akimwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani. Mtoto aliinua uso, akamtazama, akamtazama aliye chini yake, akamtazama tena. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele kwamba wako wawili, na magazeti yakahamia kwa fundi.

"Magazeti hayaumi," anasema sasa, akimkazia macho mwandishi. "Andika hivyo. Hayaumi."

Alimnyanyua mwanawe. Akalivua lile gunia joho mbele ya watu wote, kifungo kimoja kimoja, kwa sababu hakutaka kukichana kitu alichokishona, na wakaenda nyumbani.

Mwandishi alimtafuta kiongozi wa kikundi, akitegemea kukutana na jitu. Alikutana na mtu mpole, amechoka, aliyekiri kwamba haijapita siku bila kumfikiria yule mtoto. Lakini hadithi ni ya zamani, alisema, na watoto wanaipenda. Alipoulizwa kwa nini kibwengo wa kupigwa asiondolewe tu, alijibu kwa swali.

"Tukimtoa yule," alisema, "sasa watoto watampiga nani?"

Hakuwa anatania. Alilileta kama swali la kazi, kama mtu anayeuliza taa zitawekwa upande gani, na siku nyingine mwandishi akarudi nalo kwa Sindano.

Sindano hakushangazwa na swali hilo alipolisikia. Alishuka kwenye kiti, akavuta boksi la vitabu vya hadithi vya mwanawe, akavipanga sakafuni. Katika hiki mtu mfupi yuko chini ya daraja. Katika hiki yuko ndani ya mfuko wa jitu. Katika hiki ana dhahabu na hataki kumpa mtu, na katika kile anarushwa mtoni na wote wanafurahi. Kwenye vichekesho vya televisheni kazi yake ni kuanguka. Barabarani, bango la duka la viatu limemchora akiwa amekaa ndani ya buti.

"Sijawahi kusoma hadithi ambayo mtu mfupi anakwenda kununua mkate, anarudi nyumbani, anakula," anasema. "Watu wananiita kibeti, mbilikimo, najua wamefundishwa wapi. Wamesomewa wakiwa wadogo, wakalala vizuri."

Hayo, anasema, alishayazoea. Asichokizoea ni kilichompata Balozi. Mtoto aliyekuwa hafungi mdomo siku hizi hana habari ya kupeleka popote. Njiani hutembea mbele ya mama yake akiangalia huku na huku. Hamruhusu mama kwenda dukani peke yake. Mwalimu wa darasa aliwaambia amemkuta na rula ya mbao ndani ya mkoba siku ambayo hakuna somo la kupima, na alipoulizwa ya nini, alisema ni ya mtu akija. Ana miaka saba na amejiajiri ulinzi.

Na igizo lile lile limeshapangwa kufika shuleni kwake mwisho wa muhula huu.

Sindano angeweza kulificha joho na kumaliza mambo. Mumewe alishauri wamhamishe mtoto shule. Yeye alikataa yote mawili. Kiongozi alipokuja kuliomba vazi, alimwambia litatoka na mwenyewe ndani yake, au halitatoka. Walibishana siku kadhaa. Hatimaye yule bwana akakubali, shingo upande, na mazoezi yameanza. Kibwengo atatoka kisimani amebeba mipira, ndoo na viatu walivyoangusha watoto miaka yote, na ataanza kuuliza, kimoja kimoja, hiki ni cha nani. Siku hizi kiongozi humgombeza kama anavyowagombeza waigizaji wengine akisahau pa kusimama, na Sindano anakiri kwamba kugombezwa kule kunamfurahisha.

Wakati anaeleza hayo, Balozi aliingia kutoka shule. Mama yake alikuwa amelivaa joho akijipima. Nundu ameshaifumua. Mtoto aliweka mkoba chini, akamzunguka, akavuta pindo kuangalia kama limenyooka, kama fundi mzee.

"Magazeti yatakuwepo?" aliuliza.

Mama alimwambia hapana.

"Nani kasema?"

"Mwalimu wa igizo."

"Hata ile mara ya kwanza ni yeye aliyekwambia," alisema Balozi, akaenda kukaa mlangoni, akiwa ameelekeza uso barabarani.

Sindano alitia alama ya chaki kwenye pindo. Mwandishi alimwuliza anatumaini nini siku hiyo ikifika, akitarajia kusikia habari za makofi, au za kuitwa na vikundi vingine.

"Nimemwombea kiti mstari wa mbele," alisema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. "Naomba tu akikalie mpaka mwisho."