Bahari Yetu ya Chilinde

Mungoje nimalize, njo mucheke. Faida, bibi mwenye nilioa, anatamanigaka bahari, na hatujaiona hata siku moja. Sisi ni bantu ba Uvira, tulikulia kando ya ziwa. Basi tulipoenda Lilongwe kusalimia dada yake, nikamupeleka ku studio moja ya foto, mtaa wa Chilinde. Fotografe alichora ku ukuta minazi, maji ya buluu na magorofa. Faida akavaa miwani nyeusi, akanishika kiuno. Alipendeza sana, nikatuma foto ku WhatsApp ya kanisa na neno moja: "Dar!"

Nilisahau kama huku kwetu ku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwenye kutoka safari anasimama kanisani kushukuru. Siku ya Mungu, pasta akanipatia mikro.

"Ndugu Bahati, utuambie bahari."

Ningesema asante, nikae. Lakini mdomo wangu! Nikasema tuliogelea, Faida akafua mashuka, sabuni ikatoa povu mingi. "Na maji yake ni tamu! Nilikunywa kopo nzima."

Bantu ba Uvira wote wakaitika amina. Mama Neema, mwenye aliishi Dar mbele ya kufika huku, akasimama pole pole.

"Kopo nzima, ndugu yangu? Na chumvi yote ile?"

Nikaangalia Faida, alikuwa anacheka mpaka machozi. Akakuja, akanishika kiuno kama ku foto, akachukua mikro.

"Mumusamehe bwana yangu. Bahari yenye alinipeleka iko ku ukuta, kule Chilinde. Ile kweli haina chumvi."