Kahawa Ilipewa Saa Zake

Kwetu Singida baba alikuwa na maksai mwekundu. Jua likishapanda, maksai yule alilala kwenye mtaro na jembe nyuma yake. Baba hakumchapa. Alimfungua akasema, huyu amemaliza. Mimi shule niliishia la tatu, kulima sikukupenda, nikapanda lori la vibarua mpaka shamba la kahawa la Oldeani. Sijui maksai ameingiaje humu, labda kwa sababu siku ya kwanza kazini mnyapara alinifundisha kuheshimu saa.

Saa za kahawa, si zetu. Ukishamenya kahawa unailaza kwenye matangi ya maji ule ute wake uchachuke. Unachota kiganjani, unasugua. Ikikwaruza kama changarawe, unaiosha hapo hapo, maana ukichelewa inaoza. "Kahawa haisubiri mtu, ndugu," meneja alituambia.

Msimu wa mavuno tulikwenda kwa zamu, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Mwenzangu wa matangi alikuwa Tluway, Mwiraqw wa Kansay, mtu wa mizaha. "Tumbo langu liko zamu ya mchana, mimi niko ya usiku," alisema. "Tunasalimiana Jumapili."

Msimu wa tatu mizaha ikaisha. Kambini mchana watoto wanalia, bati linapiga kelele, Tluway hapati usingizi. Chakula hakishuki, miguu imevimba, moyo unamwenda mbio naye amekaa tu. Daktari wa zahanati akamwandikia abaki zamu ya mchana. Tukaipeleka karatasi ofisini pamoja.

"Mwili huzoea," meneja akasema.

"Utazoea lini, Bwana Meneja, na kila Jumatatu unaugeuza?"

Mnyapara akanikanyaga mguu.

"Wewe umesomea udaktari?"

"Nimesoma la tatu."

"Basi rudi kwenye matangi."

Wiki ile Tluway akaingia usiku. Alhamisi asubuhi, zamu imeisha, alikaa kwenye benchi avue buti. Alivua moja. Tulipomwita hakuitika.

Mnyapara alisema ni kazi ya Mungu. Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mungu alimpa Tluway usiku wa kulala. Aliyemnyang'anya alikuwa na ofisi na kiti cha kuzunguka. Siku hizi redioni wanasema moyo na tumbo vina saa zao, na ukizivuruga kwa miaka unapunguza umri. Nyie mnaolinda hoteli za Karatu usiku, msikilize. Sisi hatukuhitaji redio. Tulikuwa na karatasi ya daktari, meneja akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Tulimzika Kansay. Jumatatu nilikuwa zamu ya mchana. Meneja akaja na saa yake mkononi, akauliza tangi la pili litakuwa tayari lini. Kahawa ilikuwa kiganjani mwangu, bado inateleza. Nikairudisha tangini, nikanawa.

"Unakwenda wapi, Msingida?" mnyapara akauliza. "Zamu haijaisha."

Nikapita getini, nikashika barabara ya Karatu. Shamba lile sijalikanyaga tena.