Mabaki ya Nyota katika Chumba cha Eksirei

Mwaka 1970 unamalizika, nami mgeni kazini katika chumba cha eksirei cha hospitali mjini Unguja, redio ilitangaza kuwa chombo kimerushwa angani kutoka baharini Malindi, kinaitwa Uhuru, kazi yake kutafuta eksirei mbinguni. Msichana mwenzangu alidhani ni Malindi yetu, ile ya bandarini, akataka twende tukatazame. Nilipomwambia ni ya Kenya, tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Siku hizo akaletwa mwalimu wa sayansi, kaanguka na baskeli njia ya Chukwani, mbavu zinamuuma. Nikamsimamisha mbele ya filamu. "Vuta pumzi, izuie, usitikisike."

Mwenzangu hakustahimili. "Mwalimu, huko juu wanampiga picha nani?"

"Mabaki ya nyota zilizoripuka," akasema, pumzi yote ikamtoka. "Bado ni ya moto mno, yanatoa mionzi yenyewe. Hapa mashine ndiyo inayotoa, kule anatoa mgonjwa. Hewa yetu inaizuia isitufikie, ndiyo maana chombo kikapelekwa juu yake."

"Ziliripuka lini?"

"Iko moja, mwanga wa mripuko wake ulitufikia kama miaka mia tatu nyuma. Bado kijana."

"Basi bibi yangu hajazaliwa," nikasema.

Akacheka, akashika mbavu, akaugua, akacheka tena. Picha ilitoka ukungu mtupu. Ya pili ikaonesha ubavu mmoja una ufa.

Ubavu ulipona, yeye akawa haachi kuja kuuulizia. Siku moja alikuja na jarida la kigeni lenye matokeo ya kile chombo. Mimi nilitaraji picha kama zetu, mifupa ya nyota, nyeupe juu ya nyeusi. Nikaona mstari umelala, ukapanda, ukalala tena.

"Nyota iko wapi?"

"Hapo ulipopanda. Chombo kilielekea kwenye mabaki, mionzi ikazidi." Akalifunga jarida. "Nikituma wazee kwenu, watarudishwa?"

Kichwa kilinizunguka kwa furaha. "Watume. Lakini nnakwambia, wasizungumze habari za nyota."

Walikuja Ijumaa baada ya sala. Ami yake mwalimu, aliyekwisha kusimuliwa nyota hizo mara nyingi nyumbani, alianza na nyota kabla ya posa. Mama akanifuata jikoni, uso umemkunjamana.

"Huyo Nyota wanayemtaja, ndiye mke wake wa kwanza?"

Kahawa ilifurika jikoni nikicheka. Tulioana kabla ya Ramadhani.